Kuchagua glaida ya mafunzo ya viti viwili kwa klabu ya Arusha au Moshi

Klabu inayokusanya fedha za glaida (ndege isiyo na injini) ya kwanza hubishana sana juu ya umbali ambao ndege itateleza. Kwa mafunzo, hilo ni jambo la nne au la tano. Glaida inayofaa ni ile ambayo mwalimu na mwanafunzi wenu wa kawaida wataingia bila kuvuka uzito, karatasi zake zitakubaliwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), fundi mliye naye anaweza kuitengeneza, na bodi yake itavumilia jua, vumbi na hewa nyepesi ya huku. Ikishindwa katika moja ya hayo itakaa hanga huku wanachama wakiendelea kulipa ada, na baada ya muda hawatalipa tena.

Pigeni hesabu ya umbali mjionee. ASK 21, glaida ya mafunzo ya Ujerumani, husonga mbele karibu mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka, na ASK 13 ya zamani karibu mita 28. Mkiwa mita 600 juu ya ardhi, katika hewa tulivu, hizo ni takriban kilomita 20 na 17. Mwalimu makini hukata nusu kwa ajili ya upepo na hewa inayoshuka, zinabaki 10 na 8. Mwanafunzi anayejifunza kugeuka, kupanga njia ya kutua na kutua kwenyewe hatakiwi kwenda mbali kiasi cha kuihitaji hiyo tofauti. Ingemsaidia mtu anayesafiri, na kwa safari mtanunua ndege nyingine miaka ijayo.

Hewa ya kiwanja chenu

Vitabu vya glaida vimeandikwa kwa viwanja vya Ulaya vilivyo karibu na usawa wa bahari. Kiwanja cha Moshi kiko mita 854, KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) mita 894, Arusha mita 1,387. Ongezeni joto. Moshi ikiwa nyuzi 30 mchana, hewa yake ina wepesi wa hewa iliyopo karibu mita 1,600 katika siku ya kawaida ya vitabu. Arusha ikiwa nyuzi 25, ni kama mita 2,050 hivi.

Maana yake kwa rubani ni hii: kipima mwendo kikionyesha kilomita 90 kwa saa wakati wa kuja kutua, kasi halisi ni karibu 97 Moshi na 100 Arusha. Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo umbali wa kusimama unaongezeka kwa asilimia 17 hadi 23 kabla hamjahesabu nyasi zilizolowa au mteremko. Breki za hewa (vibao vinavyochomoza bawani) zenye nguvu na breki ya gurudumu inayoshika kweli vina thamani kubwa huku kuliko kule ndege ilikotengenezwa. Mkienda kuikagua, ombeni mfano wa kutua kwa breki zilizofunguliwa zote, mpime umbali kwa hatua.

Kuna hatari nyingine inayowapata wanafunzi. Wanaona ardhi inapita haraka kuliko walivyozoea, wanavuta fimbo ili kupunguza, kipima mwendo kinashuka bila wao kukitazama, na bawa linapoteza mnyanyuo karibu na ardhi. Ndiyo maana kipima mwendo cha kiti cha mbele lazima kiwe kikubwa, kisomeke kwa jicho moja, na cha nyuma kisomeke hivyohivyo bila mwalimu kuinama. Katika glaida nyingine mabega ya mwanafunzi mrefu huziba dashibodi nzima. Mwekeni mwanachama wenu mrefu kuliko wote mbele, mwalimu akae nyuma, muone.

Injini isiyo na chaja ya hewa nayo hupungukiwa. Ndege ya kuvuta yenye injini ya nguvu farasi 235 hubaki na takriban asilimia 84 ya nguvu Moshi mchana, na 79 Arusha. Ikivuta glaida ya kilo 600 yenye watu wazima wawili, mwendo wa kupanda utakuwa wa kusuasua na injini itachemka. Winchi, yaani mashine ya ardhini inayorusha glaida kwa kuivuta kwa kamba, pia lazima iwe na akiba ya nguvu, kwa sababu kamba inatakiwa kukimbia haraka zaidi ili glaida ipate kasi ileile kwenye kipima mwendo.

Amueni mtairusha vipi kabla ya kutafuta glaida. Winchi hupandisha glaida hadi kama theluthi ya urefu wa kamba, au zaidi kidogo upepo ukisaidia: njia ya mita 1,000 hutoa mita 350 hivi. Ni nafuu kwa kila ruko, lakini kamba haiwezi kuchangamana na ndege za abiria. Kiwanja cha Arusha asubuhi kimejaa ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti, hivyo anayetaka winchi atafute uwanja wa nyasi au wa murram mbali na hapo, na bado aongee mapema na waongoza ndege wa KIA. Glaida ya winchi lazima iwe na ndoano ya chini, karibu na kitovu cha uzito, yenye kujifyatua yenyewe kamba ikivuta kwa nyuma. Baadhi ya glaida ambazo zimekuwa zikivutwa na ndege tu zina ndoano ya pua peke yake. Msitume pesa kabla ya kupata picha ya tumbo la ndege.

Uzito, na kwa nini wepesi pia ni tatizo

Chukueni cheti cha mizani cha karibuni, si namba ya brosha. ASK 21 mpya ilikuwa na uzito mtupu wa karibu kilo 360 na kikomo cha 600. Ya mtumba, baada ya matengenezo, rangi mpya na redio, inaweza kuwa 385. Zinabaki 215. Mwalimu wa kilo 88, mwanafunzi wa 80, na miavuli miwili ya kujiokolea (parachuti) ya kilo 15 kwa pamoja, jumla 183. Mnaruka bila wasiwasi. Watu haohao kwenye ASK 13 yenye uzito mtupu wa 305 na kikomo cha 480 wamezidisha kilo 8. Klabu yenye walimu wanene na ASK 13 itajikuta inachagua mwanafunzi kwa mizani.

Upande wa pili husahaulika zaidi. Kiti cha mbele kina uzito wa chini kabisa, na kwa ASK 21 ni kilo 70. Vijana wetu wengi wa sekondari na chuo wana 50 au 55. Mwalimu akiwa nyuma haondoi tatizo, kwa sababu kiti chake kiko karibu na kitovu cha uzito. Mbele ikiwa nyepesi, kitovu kinarudi nyuma, pua inakuwa tepetepe, na ndege ikiingia kwenye spini, yaani kuporomoka huku ikizunguka, inaweza kukataa kutoka. Basi ulizeni kama glaida ina sehemu ya kufungia sahani za madini ya risasi mbele, kama sahani zenyewe zimo kwenye mauzo, na kila moja inafidia kilo ngapi za rubani kwa mujibu wa kibao cha mipaka ya uzito kilichomo ndani ya ndege. Mfuko wa mchanga uliowekwa kitini haukubaliki: ukiteleza unaziba fimbo.

Nunueni mizani ya bafuni, iwekeni mlangoni mwa hanga. Mtu apimwe akiwa amevaa mwavuli.

Aina zinazopatikana sokoni

Schleicher ASK 21 ya Ujerumani ilianza kuruka 1979: faiba (nyuzi za kioo na resini), mabawa ya mita 17, gurudumu la pua, kubwa na la mkia. Kiwanda bado kipo na spea zipo. Ni ndege yenye kusamehe makosa, na kwa klabu ya kwanza huku ndiyo tungeitafuta kabla ya nyingine yoyote. Udhaifu wake kwa mwalimu ni kwamba haitaki spini. Kwa uzito wa kawaida mbele inazunguka kidogo kisha inatoka yenyewe, na mwanafunzi anaondoka akiamini kila ndege iko hivyo. Kuna vizito rasmi vya mkiani vya kuifanya izunguke, vinavyohesabiwa kwa uzito wa watu wawili waliomo. Vikisahaulika mkiani, rubani anayefuata akiwa mwepesi anaruka na kitovu kilichorudi nyuma. Mkivinunua, viwe na rangi kali na visainiwe kitabuni kila vinapofungwa na kufunguliwa.

SZD-50-3 Puchacz ya Poland, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ina mabawa ya mita 16.67 na kikomo cha kilo 570. Hii inaingia spini kweli na inatoka kweli, kwa utaratibu kamili: pedali ya upande wa pili hadi mwisho, fimbo mbele hadi mzunguko ukome, pedali katikati, kisha kuinua pua taratibu. Inafundisha vizuri kuliko ASK 21. Kwa sababu hiyohiyo inahitaji walimu waliokomaa na kikomo cha kimo kisichojadiliwa, maana imeua watu walioanza zoezi wakiwa chini. Klabu yenye mwalimu mmoja mgeni kwenye kazi isianze nayo.

Grob G 103 ni ya faiba pia, mita 17.5 kwenye Twin Astir na Twin II. Mara nyingi ni nafuu kuliko ASK 21 ya umri uleule, na ni imara. Grob haitengenezi glaida tena, hivyo nyaraka na spea hupitia kampuni nyingine ya Ujerumani. Ulizeni maagizo yote ya lazima yaliyotolewa juu ya namba ile hasa, hasa yanayogusa mipaka ya kasi na sarakasi. Twin Astir ya mwanzo yenye gurudumu la kukunja haifai shule: mwanafunzi ataisahau siku moja.

ASK 13 ya 1966 ni ya mabawa ya mbao, bodi ya mabomba ya chuma na kitambaa. Inafundisha vizuri sana na ni nyepesi kuvuta. Lakini mbao na gundi za zamani hazipendi joto na unyevu vinavyopishana, na masika ya Moshi yana vyote viwili. Mchwa wa huku hawahitaji kuelezwa. Ichukueni tu kama mna hanga kavu lenye sakafu ya zege na fundi anayejua mbao za ndege, si fundi seremala mzuri peke yake.

L-13 Blanik ya Czechoslovakia, ya bati la alumini, iliruka mara ya kwanza 1956 na imefundisha watu wengi duniani. Mwaka 2010 bawa la mojawapo lilikatika angani huko Austria na waliokuwemo wakafa. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali kwenye mhimili mkuu wa bawa, mahali ambapo jicho halifiki. L-13 zikasimamishwa. Ili iruke tena lazima iwe imefanyiwa marekebisho yaliyoidhinishwa, yenye karatasi. Mtu akiwauzia L-13 kwa bei ya kutupa bila karatasi hizo, anawauzia bati. Rahisi ni ghali.

Kukagua ya mtumba

Tumeni mtu anayejua, au lipeni mkaguzi wa huko iliko. Gharama ya tiketi ni ndogo kuliko ya kontena lililoleta tatizo.

Aanze na vitabu. Saa peke yake hazisemi kitu kwa ndege ya shule. Glaida yenye saa 3,000 na miruko 6,000 imeishi tofauti kabisa na yenye saa 3,000 na miruko 18,000 ya winchi, kila mmoja ukiisha kwa mwanafunzi kuibwaga chini. Ya pili itachoka kwenye ndoano, gurudumu na kuta za ndani zinazolishika gurudumu. Ndoano za kamba za kampuni ya Tost zina kikomo cha kurudishwa kiwandani, na kama tarehe imepita, bei ishuke. Ajue pia ukaguzi mkubwa wa saa nyingi unaofuata utadaiwa lini: ndege ya bei nzuri yenye saa 2,950 inaweza kuwa imebakiza saa 50 tu kabla ya kazi ambayo hakuna mtu wa kuifanya Arusha.

Kisha bodi. Asimame kwenye ncha ya bawa, aisukume mbele na nyuma taratibu huku mwenzake akiwa na kidole kwenye maungio ya mabawa na bodi. Mchezo, yaani kulegea, ukisikika hapo, pini au bushi zimelika. Atazame mkia mbele ya pezi la wima: glaida iliyowahi kuzunguka ardhini kwa ncha ya bawa kukamatwa na nyasi huacha ufa wa mshazari hapo, wakati mwingine chini ya rangi mpya. Agonge kwa sarafu kila penye rangi tofauti. Sauti kavu ni sawa, sauti ya kopo inaonyesha tabaka zimeachana. Nyufa ndogo za jelikoti (tabaka la nje la faiba) kama utando zimeenea kote ni uzee wa jua, zinarekebishika ingawa kwa saa nyingi za kusugua. Nyufa zinazofuata mstari mmoja kukatisha bawa, hasa karibu na sanduku la breki za hewa, hizo zichimbwe hadi sababu ijulikane.

Kebo za pedali. Kwenye glaida za Schleicher kebo hupita ndani ya vibomba vilivyopinda vya umbo la S kwenye pedali zenyewe, na humo ndimo zinapokatika uzi mmoja mmoja. Asukume pedali hadi mwisho, amulike kwa tochi, apitishe kitambaa laini juu ya kebo. Kitambaa kikinasa, kebo ibadilishwe.

Aangalie namna vidhibiti vinavyoungwa mabawa yakifungwa. Aina zinazojiunga zenyewe ni salama zaidi. Zile za tundu na tufe, aina ya L'Hotellier, lazima ziwe na pini au kifuniko cha usalama, na baada ya kila kuunganisha mtu mmoja ashike kipande cha bawa kwa mkono huku mwingine akisukuma fimbo. Kuruka na kidhibiti ambacho hakikuungwa ni ajali ya kale ambayo bado inatokea.

Kenopi, yaani kioo kinachofunika viti, iangaliwe kwa jua likiwa ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Ufa mfupi uliozuiwa kwa tundu dogo mwishoni unakubalika. Kenopi mpya ni ghali, na sanduku lake ni kubwa mno kwa usafiri mwingi mliouzoea. Vumbi la huku huikwaruza haraka: maji mengi kwanza, kitambaa baadaye, kamwe si kitambaa kikavu. Na msiiache wazi juani. Kioo kilichopinda hukusanya miale kama lenzi na kuchoma mto wa kichwa au kifuniko cha dashibodi. Nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua la saa sita linatosha kuanzisha moto.

Kwa sababu ya joto hilohilo glaida za faiba zina rangi nyeupe. Resini yake hupoteza nguvu ikipata joto kali, na kikomo kinachotumika sana ni nyuzi 54. Mdhamini akitaka nembo kubwa nyeusi juu ya mabawa, mkatalieni. Aiweke ubavuni mwa trela.

Karatasi na safari

Ongeeni na TCAA kabla ya kulipa, si baada ya meli kutia nanga. Pelekeni jina kamili la aina, namba ya ndege, mwaka, cheti cha aina, na orodha ya maagizo ya usalama yaliyotekelezwa. Muuzaji atatakiwa kuifuta kwenye daftari la nchi yake na kupata cheti cha ubora cha kuisafirisha nje, ndipo nanyi mwombe namba ya usajili ya Tanzania, inayoanza na 5H. Mjue pia ni injinia gani atakayetia saini matengenezo, na kama leseni yake inaruhusu faiba. Forodhani glaida ziko kwenye kifungu 8801, tofauti na ndege zenye injini. Wakala asiyelijua hilo ataiweka pasipo pake na mtalipa kwa kukaa bandarini.

Glaida ya mita 17 iliyofunguliwa huingia kwenye kontena la futi 40, na mara nyingi huingia ikiwa ndani ya trela yake. Trela ijumuishwe kwenye bei. Bila trela hamna namna ya kuirudisha ikitua shambani, na mashamba ya Moshi kusini ni miwa na majaruba ya mpunga, vyote vibaya kwa kutua, hivyo ramani ya viwanja vya dharura ichorwe kwa miguu kabla ya ruko la kwanza.

Redio ya VHF ni lazima. Karibu na KIA tungeweka fedha kwenye transponda (kifaa kinachoijibu rada) kabla ya FLARM (kifaa cha kuonya juu ya mgongano), kwa kuwa FLARM ya kawaida huona tu ndege nyingine yenye kifaa hichohicho, na ndege ya abiria aina ya Caravan inayoshuka kutoka Serengeti kwa kawaida hainacho.

Pamoja na ndege agizeni, kwenye kontena lilelile: tairi na tyubu mbili za gurudumu kubwa, mbili za pua (murram huzila), gurudumu la mkia, pedi za breki, seti mbili za pete za kamba, na viungo dhaifu (vipande vya kamba vilivyokusudiwa kukatika kwanza) vya rangi iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege yenu. Vya Tost vyeusi hukatika kwenye daN 1,000 (daN moja ni karibu uzito wa kilo moja) na vya bluu kwenye 600, na mtu akikosea rangi hatagundua hadi siku kamba itakapokataa kukatika. Ongezeni vifuniko vya kitambaa vya ndege nzima, vizibo vyekundu vya mirija ya kipima mwendo kwa ajili ya nyigu, na minanga ya kuifunga ardhini. Vimbunga vya vumbi vya Januari na Februari huinua bawa lisilofungwa hata siku isiyo na upepo.